Maswali ya Wasomaji: Kipimo chasema malaria, mtoto anacheza mpira

Barua nyingi safari hii zimetoka Kigoma, Tabora, Kagera, Mwanza na Mtwara, na moja imevuka Ziwa kutoka Homa Bay. Haishangazi. Katika utafiti wa kitaifa wa 2007/08, asilimia 18 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 8. Wastani huo hata hivyo unaficha mengi. Mwaka huohuo wa 2022 Tabora peke yake ilikuwa na asilimia 23, ilhali Kilimanjaro na Arusha hazikufika hata moja. Majibu ya leo ni ya kule ambako mtoto hung'atwa na mbu wenye vimelea karibu mwaka mzima. Mlio Arusha, homa zenu zina hesabu nyingine.

Shikamooni wahariri. Wataalamu walikuja shuleni kwa kijana wangu wa darasa la tatu wakawatoboa watoto vidole. Wangu amekutwa na malaria, na jioni ileile alikuwa uwanjani anapiga mpira. Mdogo wake wa miaka miwili mwezi uliopita alikutwa na malaria hiyohiyo akalazwa siku nne. Hivi kipimo cha shuleni ni kizima?
*Baba, Kasulu*

Marahaba. Kipimo ni kizima, na watoto wako wawili wamekuonyesha jambo ambalo wengi hawalijui: kuwa na vimelea kwenye damu si sawasawa na kuumwa malaria.

Mtoto mchanga huzaliwa na kinga aliyorithi kwa mama, na damu yake ya uchanga ni ya aina ambayo kimelea hakistawi vizuri ndani yake. Akiba hiyo hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na kufikia miezi sita hivi mtoto anabaki karibu mtupu. Kuanzia hapo mpaka miaka mitano ndicho kipindi cha hatari. Kila akiambukizwa mwili unajifunza kidogo, na unajifunza kwa mpangilio: kwanza unajua kutokufa, halafu unajua kutopata homa kali, lakini kukifukuza kimelea kabisa haujifunzi vizuri hata ukubwani. Kijana wako wa darasa la tatu yuko hatua ya pili. Mdogo wake bado hajamaliza ya kwanza.

Mpe dawa hata kama anacheza. Vimelea vinavyokaa kimya vinakula damu yake taratibu, na mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa mzito darasani bila mtu kujua kwa nini. Isitoshe, yeye ndiye ghala. Mbu akimuuma leo, baada ya siku kumi hivi mpaka wiki mbili mbu huyo ana uwezo wa kumwambukiza mdogo wake anayelala kitanda cha pili. Watoto wa shule ndio wanaobeba vimelea vingi kuliko rika lolote, na mara nyingi ndio wanaolala bila chandarua kwa sababu cha nyumbani kimepewa mama na mchanga.

Angalizo moja. Kinga hii ni ya kukaa hapohapo. Mtoto aliyekulia Moshi akihamia Kasulu akiwa na miaka tisa, mwili wake hauna tofauti na wa mdogo wa miaka miwili. Homa yake isisubiri asubuhi.

Mtoto wangu ana miaka mitatu, kilo 13. Alianzishiwa dawa mseto saa kumi jioni. Ya pili niliambiwa saa sita usiku, nikamwonea huruma kumwamsha, nikampa asubuhi. Ya tatu aliitapika. Siku ya pili homa ikashuka, nikabakiza vidonge viwili vya akiba. Wiki tatu baadaye homa imerudi. Je, dawa imechoka?
*Mama, Sikonge*

Mama, hatuwezi kuilaumu dawa ambayo haikufika mwilini. Tuichambue dozi yako moja baada ya nyingine, maana makosa haya tunayaona kila wiki.

Mseto, ile ALu, ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemeta ni mkimbiaji: inaua vimelea vingi upesi, ndiyo inayoshusha homa, lakini ndani ya masaa machache imeshatoka mwilini. Lumefantrini ni mpole, inakaa siku kadhaa na kufagia masalia. Masaa manane kati ya dozi ya kwanza na ya pili yamewekwa ili mkimbiaji arudi uwanjani kabla vimelea havijapumua. Ulipompa asubuhi uliwapa vimelea usiku mzima. Mwamshe. Atalia dakika tano, atalala tena.

Kwa kilo 5 mpaka chini ya 15, dozi ni kidonge kimoja kila mara. Kilo 15 mpaka chini ya 25 ni viwili. 25 mpaka chini ya 35 ni vitatu. 35 na kuendelea ni vinne. Zote hutolewa mara sita: mara mbili siku ya kwanza, zikiachana masaa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mwanao alitakiwa ameze vidonge sita. Kwa maelezo yako, vilivyobaki tumboni ni vichache kuliko hivyo kwa mbali. Na msipime kwa umri kama mizani ipo. Watoto wa miaka mitatu hawalingani uzito.

Cha watoto kinayeyuka. Weka kidonge kwenye kikombe kidogo chenye vijiko viwili vya chai vya maji safi, koroga mpaka kisambae, mnyweshe. Kisha mimina maji kiasi kilekile tena, suuza kikombe, na hayo pia anywe, kwa kuwa dawa hubaki imeganda ukutani mwa kikombe. Hapo kinamama wengi wanapoteza dawa bila kujua.

Lumefantrini haiingii vizuri kwenye tumbo tupu. Inataka mafuta. Si lazima nyama. Maziwa ya mama yanatosha, au maziwa ya ng'ombe, uji wenye karanga zilizosagwa, au parachichi. Chai ya rangi na mhogo mkavu havisaidii. Kama mtoto hataki chakula kabisa, mpe dawa hivyohivyo, halafu umbembeleze anyonye mara tu baada yake.

Akitapika kabla ya saa moja kupita, dozi ile ihesabiwe kama haikutolewa, arudiwe nzima. Zahanati nyingine zitakwambia nusu saa. Fuata ya mhudumu wako, ila urudi kwake kuomba kidonge cha kufidia, usichote cha kesho. Akitapika na ile ya kurudia, hilo si suala la vidonge tena, ni la sindano.

Vidonge vya akiba vitupe. Mtoto anayepewa viwili siku ya homa nyingine atapata nafuu ya uongo, na kipimo kitachukuliwa akiwa amechelewa.

Homa iliyorudi wiki tatu baadaye inaweza kuwa vimelea vilevile au mbu mpya. Mpeleke apimwe, na utaje tarehe aliyoanza dawa, kwa sababu ikiwa ni ndani ya siku 28 mhudumu anaweza kuamua kumbadilishia. Kuhusu dawa kuchoka: ni kweli kwamba Karagwe, mkoani Kagera, na ng'ambo ya mpaka Rwanda na Uganda, wamegundua vimelea vinavyochelewa kufa kwa mkimbiaji yule. Mfagiaji bado anamaliza kazi, mradi apewe zile siku tatu. Ukimnyima, unazalisha shida ambayo leo hatuna.

Mwanangu alimaliza dozi vizuri kabisa. Siku ya kumi amepata mafua na homa, nikampeleka duka la dawa, kipimo kikaonyesha malaria tena. Muuzaji anataka aanze upya. Nimfuate?
*Msomaji, Muleba*

Usimfuate bado. Kipimo cha haraka kinachotumika kwetu hakitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta protini ambayo kimelea huimwaga kwenye damu, na protini hiyo hubaki wiki mbili, tatu, hata mwezi baada ya vimelea vyote kufa. Ni kama majivu: yanaonyesha moto ulikuwapo, hayasemi kama bado unawaka. Nenda mahali penye darubini, wapake damu kwenye kioo. Darubini huona vimelea vyenyewe.

Na ukiwa pale dukani, angalia mambo mawili kwenye kipimo. Mstari wa C lazima utokee. Usipotokea, kipimo kimeharibika hata kama mwingine umeonekana. Pili, kisomwe kwenye dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi 15 mpaka 20. Kilichoachwa juu ya kaunta saa nzima hakisomwi. Mstari hafifu ndani ya muda, huo ni mstari.

Sehemu hii inawahusu wote: kwenye mkoa wenye vimelea vingi, kipimo chenye malaria hakithibitishi kwamba malaria ndiyo iliyoleta homa ya leo. Mtoto anaweza kuwa na vimelea vyake vya kimya na nimonia juu yake. Mvue shati akiwa ametulia, tazama kifua kinavyopanda, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Mwaka 1 mpaka 5, ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, mseto peke yake hautamtibu. Na kipimo kikisema hakuna malaria, amini, uliza kingine: masikio, koo, mkojo, kuhara.

Kwetu Rufiji mtoto akishikwa na degedege hapelekwi hospitali kwanza. Wazee wanasema akichomwa sindano atakufa, afukizwe kwanza. Mjukuu wangu wa miaka miwili alikakamaa macho yakageuka, akapona baada ya kufukizwa. Sasa mkwe wangu ananiambia nimekosea. Naomba mnieleze bila kunidharau.
*Bibi, Rufiji*

Shikamoo bibi. Hakuna wa kukudharau. Degedege lina jina lake na hofu yake pwani nzima tangu zamani, ndege na shetani wake wanajulikana, na kufukiza kwa kinyesi cha tembo si jambo la kwako peke yako. Tukueleze tu tunachokijua kuhusu kinachotokea kichwani mwa mtoto.

Degedege nyingi huisha zenyewe ndani ya dakika chache. Homa inapopanda kwa kasi, ubongo wa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano hushtuka, mwili ukakakamaa, kisha ukalegea. Chochote kitakachofanywa dakika hizo kitaonekana ndicho kilichomponya: moshi, maji, mkojo, hata kukaa kimya. Hilo ndilo linaloifanya dawa ya moshi iaminike. Lakini kuna degedege ya pili inayofanana kabisa kwa macho, ile ya malaria iliyopanda kichwani. Huyo haamki. Baada ya kukakamaa anabaki amelala, ukimfinya haondoi mkono, na kila saa inayopita inamla.

Na ile habari ya sindano kuua ina chanzo kinachoeleweka. Watoto waliofikishwa hospitali walikuwa wameshafukizwa siku mbili. Walifika sukari imekwisha mwilini na damu imekauka, wakachomwa, wakafa mkononi mwa muuguzi. Jamii ikahesabu kitu cha mwisho ilichokiona. Sindano haikuua, ilichelewa.

Sindano ya sasa ni artesuneti. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, baadhi yao wakiwa Muheza na Korogwe, kwetu Tanga. Waliopewa artesuneti walikufa wachache kuliko waliopewa kwinini, pungufu kwa zaidi ya asilimia 22. Kwinini ya dripu ndiyo wazee wengi wanaikumbuka.

Degedege likianza, mlaze mtoto ubavu, kwenye mkeka, mbali na jiko. Fungua nguo za shingoni. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, futa povu tu. Tazama saa. Likipita dakika tano, au likirudi, mnaondoka na yeye akiwa bado hivyohivyo. Hata likiisha mapema, siku hiyohiyo aonwe, kwa kuwa hakuna bibi wala daktari anayeweza kutofautisha zile mbili kwa kutazama. Kama amezinduka na anameza, anyonye au anywe uji wa sukari njiani. Kama hajazinduka, usimmiminie maji ya sukari mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Wahudumu wamefundishwa kuweka kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilicholowanishwa kwa tone moja au mawili ya maji, chini ya ulimi wa mtoto aliyelazwa ubavu, wakati dripu haijapatikana. Sukari kushuka huua haraka kuliko vimelea.

Zahanati ya mbali inaweza kumwekea kidonge cha artesuneti njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kila kilo, kisha kumpa rufaa. Hapo watu wengi hukosea: mtoto hufumbua macho, nauli ya bodaboda ikaonekana ya bure, wakarudi nyumbani. Kidonge kile kinanunua masaa ya safari tu. Vivyo hivyo wodini: sindano tatu za mwanzo, ya kufika, ya masaa 12 na ya masaa 24, si dozi kamili. Akianza kumeza lazima amalize mseto wa siku tatu. Usiondoke wodini bila pakiti ile.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ametoka wodini, aliongezewa damu, sasa kipimo cha wingi wa damu ni 6.8. Viganja bado vyeupe na anakula udongo. Jirani ameniambia dawa ya damu huongeza malaria. Nimpe au nisimpe?
*Mama, Masasi*

Jirani yako hakulitoa hewani. Huko Pemba watoto wadogo walipewa madini ya chuma na foliki asidi bila kupimwa malaria, na matokeo yaliyochapishwa 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Utafiti ulisimamishwa. Lakini lilikuwapo kundi dogo lililokuwa likipimwa na kutibiwa malaria kwa wakati, na hao chuma iliwasaidia.

Kwa hiyo mpe, kwa masharti. Amalize mseto kwanza, alale ndani ya chandarua, na homa yoyote ipimwe siku hiyo. Kiasi cha siropu kitatokana na uzito. Mwambie mhudumu akupimie kwa bomba la sindano, si kijiko cha nyumbani. Aendelee miezi mitatu hata viganja vikiwa vyekundu mwezi wa kwanza. Mpe na maji ya chungwa au embe, usimpe na chai, chai huifunga chuma tumboni. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Kula udongo ni dalili ya upungufu wenyewe na mara nyingi huacha damu ikipanda, ila udongo una minyoo, kwa hiyo aulizwe dawa ya minyoo kliniki.

Damu ya mtoto wa umri wake inatakiwa kuwa 11 na kuendelea. Kwa 6.8, bila kuhema wala kuishiwa nguvu, haongezewi. Akianza kupumua kwa kasi, kukoroma, kushindwa kukaa, au mkojo ukiwa kama koka-kola, rudi usiku huohuo. Kama alichomwa artesuneti, arudi kupima damu kama siku 14 baada ya matibabu, kwa sababu chembe zilizowahi kukaliwa na vimelea huweza kuvunjika kwa wingi wiki hizo, homa ikiwa imeshapona.

Jambo ambalo wazazi hawaambiwi wakati wa kuruhusiwa ni kwamba miezi mitatu ya kwanza nyumbani ndiyo yenye vifo na kulazwa tena kwingi. Kenya na Uganda walijaribu kuwapa watoto waliolazwa kwa damu kupungua sana dozi kamili ya dawa ya malaria ya dihidroartemisinini na piperakwini katika wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kutoka, wawe na homa au wasiwe nayo. Kwa miezi sita, vifo na kulazwa tena vilipungua kwa asilimia 35. Shirika la Afya Duniani limelipendekeza tangu 2022. Uliza hospitali iliyomlaza kama wanaitoa dawa hiyo.

Chandarua kipya kinamwasha mtoto usoni. Pia mbu wanatua juu yake na kuruka wakiwa wazima, naona dawa haipo.
*Msomaji, Misungwi*

Hujakianika. Kitoe kwenye mfuko, kitundike kivulini siku nzima na usiku wake, ndipo ukifunge kitandani. Jua huivunja dawa, kwa hiyo hata baada ya kufua kikauke kivulini. Kifue kwa sabuni ya mche na maji ya kawaida, bila kukiloweka, bila jiki, si zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu.

Kuhusu mbu kuruka, umeandika kutoka mahali penyewe. Wilayani Misungwi ndiko vyandarua vya dawa mbili, vyenye klofenapiri pamoja na ile ya kawaida, vilikolinganishwa na vya zamani, na matokeo ya 2022 yalionyesha watoto waliolala ndani yake waliumwa malaria pungufu kwa asilimia 44 katika miaka miwili. Klofenapiri haimwangushi mbu papo hapo kama dawa ya kupuliza. Anaruka, anaenda zake, anakufa baadaye, wengine mpaka siku ya tatu, pembeni ya kabati usikomwona. Kwa hiyo usikihukumu kwa kutazama. Kihukumu kwa matundu: tundu la kupitisha kidole gumba lishonwe leo, na uzi wowote.

Kama wanalala kwenye mkeka, chandarua kiingizwe chini ya mkeka pande zote nne. Mguu unaogusa wavu huumwa kupitia wavu. Na kama huna cha mtoto, dai: Tanzania kinatolewa kliniki kwenye hudhurio la kwanza la mjamzito na mtoto anapochanjwa surua ya miezi tisa. Cha kuanulia dagaa au kuzungushia mchicha ni kile kilichokwisha kazi, si kipya.

Hamjambo. Mtoto wangu alidungwa chanjo ya malaria miezi sita, saba na tisa. Ya nne ya miezi 24 ilitupita nikiwa Nairobi, sasa ana miezi 29. Nianze upya?
*Mama, Homa Bay*

Hatujambo. Hazianzwi upya. Nenda na kijitabu cha kliniki, uulizie ile moja iliyobaki, na usichelewe zaidi, kwa kuwa kinga ya tatu za mwanzo hushuka kila mwezi na ya nne ndiyo inayoinyanyua. Kaunti yenu ndiko Kenya ilikoanzia, Septemba 2019. Malawi, Ghana na Kenya zilipochanja kwa majaribio, vifo vya watoto wa rika la chanjo, vya sababu zote isipokuwa majeraha, vilipungua kwa asilimia 13. Chanjo ya pili, R21, ambayo sehemu ya majaribio yake ilifanyika Bagamoyo na Kilifi, ilipendekezwa Oktoba 2023. Uganda ilianza kuitoa Aprili 2025, kwa miezi 6, 7, 8 na 18.

Malaria ya mwaka wa kwanza baada ya chanjo hupungua kwa zaidi ya nusu. Maana yake wapo watakaougua, kwa hiyo chandarua kibaki na homa ipimwe. Homa ya siku moja au mbili baada ya sindano ni ya chanjo. Parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5 inatosha: mtoto wa kilo 10 apewe mililita 5, kila masaa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku. Asipewe aspirini.

Kichanga cha wiki tano, kilo 3.9, kina homa. Tumpe robo ya kidonge cha mseto?
*Msomaji, Kibondo*

Hapana, na msisubiri. Homa chini ya miezi miwili ni ya hospitali moja kwa moja, kwa kuwa hatari kubwa ya umri huo ni bakteria kwenye damu au uti wa mgongo, na malaria inaweza kuwa juu yake. Kukata vidonge nyumbani ni kubahatisha. Mseto uliotengenezwa kwa ajili ya vichanga wa kilo 2 mpaka chini ya 5 uliidhinishwa Uswisi Julai 2025. Pale usipokuwapo, daktari ndiye anayepanga kiasi.

Binti yangu ana selimundu. Nimesikia selimundu hukinga malaria.
*Baba, Mwanza*

Umesikia nusu. Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi, na anayekingwa ni aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, yule asiyeumwa. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1954 kwa uchunguzi uliofanywa Afrika Mashariki. Binti yako amerithi kwa wote wawili, na kwake malaria ni hatari kuliko kwa mtoto mwingine, maana damu yake tayari ni chache. Kila homa ni ya hospitali siku hiyohiyo. Kliniki ya selimundu impe dawa ya kuzuia malaria na penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano.

Mtoto wa miaka minne ana bandama, tumbo limevimba upande wa kushoto. Bibi yake anataka achanjwe chale.
*Mama, Uvinza*

Bandama ni chujio. Malaria inaporudiarudia, kazi ya kuondoa chembe mbovu za damu huzidi, chujio likavimba. Wembe hauifikii, unakata ngozi tu, na kuacha njia ya pepopunda na usaha. Apimwe malaria na wingi wa damu, atibiwe, alale ndani ya chandarua. Itarudi taratibu, kwa miezi, si kwa wiki. Wakati huo asikandwe tumbo, asibebwe mgongoni kwa kubanwa, na asicheze mieleka, kwani bandama kubwa hupasuka kwa pigo dogo. Ikiwa baada ya miezi mitatu minne bila homa bado iko palepale, apimwe selimundu, na kwa kuwa mko kando ya Ziwa Tanganyika, apimwe choo kwa ajili ya kichocho cha tumbo.